UZI: Orbie Lee Orbison, mchoronga visima vya mafuta wa Texas, gitaa lake na familia aliyoizungusha nalo

Mleta uzi

Wakuu, habari za Roy Orbison, yule mwimbaji wa Marekani, zimeandikwa sana, na karibu zote zina mpangilio mmoja: miwani myeusi, sauti ya ajabu, mke kafa, watoto wameungua, naye kafa bado kijana, kwa hiyo "jamaa alikuwa na mkosi". Habari za mkosi zinanichosha. Ukisoma hivyo unadhani mtu alidondoka tu na sauti yake, kisha majanga yakaanza kumwandama. Leo nataka tumtazame baba mtu, Orbie Lee Orbison. Huyu alikuwa mchoronga visima vya mafuta, fundi magari pale visima vilipokosekana, na mpiga gitaa wa nyumbani. Hakutoa rekodi wala hakusafiri na bendi. Mimi naona bila yeye hamna uzi wowote wa Roy.

Orbie Lee alizaliwa 1913. Alioana na Nadine, wakapata watoto watatu wa kiume: Grady Lee wa 1933, Roy Kelton aliyezaliwa 23 Aprili 1936, na kitinda mimba Sammy, aliyekuja 1946. Roy alizaliwa Vernon, mji mdogo kaskazini mwa Texas karibu na Mto Mwekundu unaotenganisha jimbo hilo na Oklahoma.

Ukanda ule ulikuwa wa ng'ombe kabla ya kuwa wa mafuta. Tajiri mmoja wa huko, W. T. Waggoner, alikuwa akichimba visima apate maji ya mifugo yake. Yakatoka mafuta, akachukia kweli, maana ng'ombe hanywi mafuta. Mwaka 1911 kisima kikubwa kikafumuka karibu na mji wa Electra, ambao una jina la binti yake, na kuanzia hapo vijana wa mashamba wakapata kazi ya pili ya kukimbilia. Orbie Lee ni wa kizazi kilichokulia kwenye hali hiyo.

Bahati mbaya alifika umri wa kazi wakati mbaya kuliko wote. Oktoba 1930 mzee Joiner, mtafuta mafuta, alipiga kisima cha Daisy Bradford namba 3 mashariki mwa Texas, likagundulika bonde kubwa mno la mafuta. Kila mtu akachimba. Mafuta yakamwagika sokoni katikati ya mdororo wa uchumi, na pipa likashuka mpaka senti 10. Agosti 1931 gavana alituma askari kwenda kufunga visima. Sasa jiulize, pipa likiwa senti 10 nani ataajiri wachorongaji? Ndiyo maana miaka ile Orbie Lee unamkuta mara kisimani, mara chini ya gari la mtu anakaza nati, mara hana kazi kabisa.

Nitaendelea jioni, tuwe pamoja.

Mdau wa Tanga

Nimeweka kiti. Ila mkuu, nasikia Roy alikuwa kipofu. Ni kweli?

Mleta uzi

Hapana. Alikuwa na macho mabovu tangu utotoni, kama ndugu zake, akavaa miwani yenye vioo vinene tangu akiwa mdogo sana. Ile myeusi ilikuja 1963: alisahau miwani yake ya kawaida kwenye ndege, akabaki na ya jua yenye vipimo vyake, akapanda nayo jukwaani katika ziara aliyofanya Uingereza na The Beatles. Picha zikasambaa, ikawa ndiyo sura yake. Turudi kwa mzee.

Fundi Mtambo

Kabla hujarudi kwa mzee nitie neno, maana kazi hiyo naijua, ingawa mimi ni wa visima vya maji. Watu wakisikia "mchimba mafuta" wanafikiria sululu. Mchorongaji ndiye kiongozi wa zamu. Anasimama kwenye breki ya mtambo, mkono kwenye mkonga, anasikiliza. Bomba linazunguka na kichwa cha kuchorongea kipo mamia ya mita chini. Hukioni. Unachojua ni mlio wa injini, mtikisiko wa mkonga, na tope linalorudi juu limebeba vipande vya mwamba. Ukisoma vibaya, bomba linakatika au linanasa, na hapo mwenye kisima amepoteza hela nyingi.

Chini yake kuna vijana wa sakafuni wanaofunga na kufungua mabomba kwa koleo kubwa, na mmoja yupo juu kabisa kwenye mnara anayapanga. Kichwa kikiisha meno, bomba lote linatolewa, kipande kwa kipande, kichwa kinabadilishwa, lote linarudishwa. Hata usiku, hata mvua. Vidole vimekatika sana kwenye kazi hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kisima kikishaanza kutoa mafuta, yule mchorongaji hana kazi tena pale. Kuchoronga kunataka watu wengi kwa muda mfupi. Kuvuna kunataka wachache kwa miaka mingi. Kwa hiyo familia ya mchorongaji haina kwao, inafuata mnara.

Mleta uzi

Fundi Mtambo, umenipa nusu ya uzi wangu bure. Ushikeni huo mstari wa mwisho.

Mwaka 1942 familia ilifuata kitu kingine. Vita vilikuwa vimeingia Marekani, na Fort Worth palikuwa na kiwanda kikubwa cha ndege kilichokuwa kikiunda B-24 za kudondosha mabomu. Mshahara wa uhakika, kila wiki. Orbie Lee akahamisha watu wake. Ni mwaka huohuo, Roy alipotimiza miaka 6, ndipo baba alimpa gitaa, akamfundisha mwenyewe vidole viende wapi. Wajomba na baba wadogo nao walipiga, kwa hiyo mtoto hakwenda kwa mwalimu. Alikaa tu sebuleni, walimu wakamkuta.

Na sebule yenyewe sikilizeni ilivyokuwa. Fort Worth ilijaa vijana wa jeshi wanaosubiri kupelekwa vitani. Ndugu na marafiki wakiwa kwenye likizo ya mwisho walipita kwa akina Orbison, wanakunywa, wanaimba mpaka usiku mkubwa, kesho yake wanaondoka, na hakuna anayejua nani atarudi. Mtoto aliruhusiwa kukaa na kuimba nao. Roy mwenyewe alikuja kueleza ukubwani kwamba ile nguvu ya kuimba ya watu wale, wanaoimba kwa sababu huenda ni mara ya mwisho, ilimwingia. Wachambuzi wamekesha wakitafuta asili ya ule uimbaji wake wa kupanda na kupanda mpaka karibu moyo upasuke. Opera, wanasema. Mimi nasema tuanzie kwenye ile sebule.

Mji wenyewe ulikuwa umeshiba muziki. Ni Fort Worth ambako miaka ya 1930 waliimarika akina Bob Wills na Milton Brown, waliochanganya fidla za mashambani na jazi ya kuchezea dansi. Muziki wa watu wenye mshahara wa Ijumaa na viatu vya kuchezea.

Baadaye ukaingia ugonjwa wa polio mjini, watoto wakarudishwa Vernon kwa bibi. Huko Roy alianza kutunga, na 1945 akawa anaimba kwenye redio ya mji, KVWC. Alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi.

Mdau wa Kericho

Wakuu, sisi wa huku Bonde la Ufa muziki huu wa Texas tunaujua toka zamani. Wazee wetu walisikia santuri za Jimmie Rodgers kabla ya vita, wakashangaa huyu ni mtu wa namna gani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet akarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba huyohuyo kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Baadaye akaja Jim Reeves, mtu wa Texas kama Roy, redio ikamgeuza kuwa kama mwanafamilia. Mpaka leo ukienda harusi huku utapigiwa kantri. Ila Roy nilimfahamu kwa ile filamu ya 1990, Pretty Woman, yenye wimbo wake, nikadhani ni mtu wa Hollywood.

Mleta uzi

Mdau wa Kericho, na Jimmie Rodgers naye alikuwa mtu wa kazi za mikono, mfanyakazi wa reli aliyepiga gitaa. Hakuna mchawi hapo. Muziki huo ulitengenezwa na watu wa mishahara midogo, ukawafikia watu wa mishahara midogo.

Sasa mwishoni mwa 1946 Orbie Lee anarudi kwenye mafuta. Anahamia Wink.

Wink ipo magharibi ya mbali ya Texas, kaunti ya Winkler, jirani na New Mexico. Kabla ya 1926 palikuwa mchanga, vichaka na ng'ombe wachache. Mwaka huo kisima cha kwanza kwenye ardhi ya Hendrick kikatoa mafuta, na ghafla maelfu ya watu wakaja na mahema, mabanda ya mbao, danguro, kamari, pombe haramu. Maji ya kunywa yaliuzwa. Miaka michache tu mbele, wachorongaji wakaanza kupungua, maana visima vimeshachimbwa. Sensa ya 1930 inawakuta watu karibu 4,000, na kuanzia hapo ni kushuka. Akina Orbison walifika mji ukiwa umeshapita kilele chake, ukiishi kwa visima vilivyobaki na vipya vya jirani.

Roy aliupenda na kuuchukia. Alipoulizwa maisha ya Wink yalikuwaje alitaja mpira wa Kimarekani, mafuta, grisi na mchanga, basi. Kijana mwembamba, miwani minene, nywele hafifu alizokuja kuzipaka rangi nyeusi, kwenye mji ambao usipocheza mpira wewe si mtu. Alichokuwa nacho ni gitaa la baba.

Mdau wa Tanga

Hapa mkuu nakupinga kidogo. Unampa mzee sifa nyingi. Kumpa mtoto gitaa si kumfanya mwanamuziki. Wangapi wamepewa gitaa likaishia juu ya kabati?

Mleta uzi

Swali zuri. Jibu langu ni kwamba gitaa la juu ya kabati ni lile ambalo hakuna mkubwa analipiga. Mtoto akimwona baba katoka zamu na grisi kwenye kucha, kaoga, kala, kisha kachukua gitaa bila kulipwa na mtu, anajifunza kwamba muziki ni sehemu ya siku. Hiyo ndiyo tofauti ya nyumba ile na nyumba nyingine za Wink. Sisemi alimpa kipaji.

Na msifikirie baba alimwambia mtoto aache shule akaimbe. Mwaka 1949, akiwa na miaka 13, Roy aliunda bendi na wenzake wa shule, wakaiita Wink Westerners. Vitambaa shingoni, fidla, mandolini, nyimbo za dansi. Wakapata kipindi kwenye redio KERB ya Kermit, mji wa jirani. Siku moja wakaahidiwa dola 400 kupiga kwenye dansi. Dola 400 za wakati ule, kwa watoto wa shule! Hapo ndipo Roy alipoanza kuamini kwamba mtu anaweza kula kwa muziki.

Hata hivyo alipomaliza sekondari alikwenda chuo cha North Texas State, mjini Denton, kusoma nini? Jiolojia. Mpango ulikuwa muziki ukigoma arudi kwenye mafuta kama baba, ila apande daraja, awe yule anayesema kisima kichimbwe wapi. Ni mtoto wa mchorongaji anayejua vizuri kwamba anayesimama kwenye breki ndiye anayeachishwa wa kwanza. Jiolojia ikamshinda, akahamia chuo cha Odessa, karibu na nyumbani, na bendi ikazaliwa upya kwa jina la Teen Kings. Mwaka 1956 wakaingia kampuni ya rekodi ya Sun Records ya Memphis, kwa Sam Phillips. Yaliyofuata mnayajua.

Mdau wa Kericho

Na huyu Lefty? Kwenye lile kundi la wazee, Traveling Wilburys, Roy alijiita Lefty Wilbury.

Mleta uzi

Alijiita hivyo kwa heshima ya Lefty Frizzell, mwimbaji wa Corsicana, Texas, ambaye alimpenda tangu ujanani. Na baba yake Lefty alikuwa nani? Mtu wa visima vya mafuta, aliyezungusha familia yake kwenye miji ya mafuta ya Texas na Arkansas. Kundi lina George Harrison, Bob Dylan, Tom Petty na Jeff Lynne, na huyu katika majina yote ya dunia anachagua la mtoto mwingine wa mchorongaji.

Sasa nifike mahali ambapo nyuzi nyingi zinapiga kelele za mkosi. Nitapita haraka, kisha nitasimama kwa mzee.

Juni 1966 Claudette, mke wa Roy, aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki, akafa. Watoto watatu wakabaki. Septemba 1968 Roy yuko ziarani Uingereza. Wazazi wake wapo Hendersonville, Tennessee, kwenye nyumba ya mwana wao, wanatunza wajukuu. Moto ukashika. Roy DeWayne na Anthony, wakubwa wawili, walikufa. Wesley, mwenye miaka 3, aliokolewa na babu na bibi yake.

Babu huyo ni Orbie Lee, ana miaka 55. Na haikuishia usiku ule. Wesley alilelewa na Orbie Lee na Nadine. Roy alioa tena 1969, akapata watoto wengine wawili, akaendelea na barabara. Mtoto aliyetoka kwenye moto alikulia kwa mchorongaji mstaafu. Kwenye vitabu vingi sentensi hii inapita kwenye mstari mmoja! Kwangu ndiyo uti wa mgongo wa familia yote.

Kiwanja chenye majivu alikinunua jirani na rafiki yao, Johnny Cash, akapanda miti ya matunda.

Mwaka 1973 Grady, yule kaka mkubwa, alikufa kwa ajali ya gari akiwa njiani kwenda kwa Roy kula naye Sikukuu ya Shukrani. Kwa hiyo Orbie Lee alizika mkwe, wajukuu wawili na mwanawe wa kwanza ndani ya miaka 7. Yeye mwenyewe alifariki 1984. Hakuiona 1987, Roy alipoingizwa kwenye Jumba la Heshima la Rock and Roll, wala Wilburys. Desemba 1988 Roy akafa kwa moyo, miaka 52. Nadine alikuwa bado hai, alifuata 1992.

Dada wa Houston

Mimi nipo Texas na nilishawahi kupita Wink nikienda New Mexico. Kutoka Odessa ni kama saa moja, njia nzima pampu za mafuta zinainama na kuinuka pande zote mbili. Mji wenyewe hauna watu hata 1,000. Una makumbusho madogo ya Roy, unapiga simu kwanza mtu aje afungue. Kaka, ila hukusema habari ya mashimo!

Mleta uzi

Dada, nilikuwa nayaacha kwa makusudi ili uzi usiende kombo. Lakini umeshayaleta, yaseme basi.

Dada wa Houston

Nje ya mji kuna mashimo mawili makubwa. La kwanza lilititia Juni 1980, upana zaidi ya mita 100, kina mita 34. La pili 2002, karibu kilomita moja na nusu kusini, kubwa kuliko la kwanza. Yamezungushiwa uzio. Sababu sijui vizuri, naona watu wa mafuta wanalaumiwa.

Fundi Mtambo

Hiyo ni chumvi. Chini ya Wink kuna tabaka nene la chumvi lililolala juu ya mwamba wenye mafuta. Kisima cha mafuta lazima kilitoboe. Unachotakiwa kufanya ni kushusha bomba la kuzuia na kujaza saruji kati ya bomba na mwamba, maji yasipite. Visima vya miaka ya 1920 saruji ilikuwa ya wasiwasi, na bomba linaoza. Pale shimo la kwanza lilipotokea palikuwa na kisima cha 1928 kilichokwishazibwa. Maji yasiyokolea chumvi yakipata upenyo kandokando ya bomba kama lile, yanayeyusha chumvi taratibu kwa miaka, pango linakua, paa linachoka, linaporomoka tabaka kwa tabaka mpaka juu. Akili za wakati ule zilikuwa kwenye pipa. Nani alifikiria 1980?

Mdau wa Tanga

Kwa hiyo Orbie Lee naye alichangia shimo?

Mleta uzi

Hapana, usimtwishe. Kisima cha 1928 kilichimbwa akiwa na miaka 15, na familia ilifika Wink baada ya hapo kwa miaka 18.

Nimalizie na Wesley, maana kuna mtu kaniuliza pembeni kama alipiga muziki. Alikuwa mtunzi. Kwenye Mystery Girl, albamu ya Roy iliyotoka 1989 baada ya kifo chake, kuna wimbo The Only One. Angalia majina ya watunzi: Wesley Orbison na Craig Wiseman.

Mwenye nyongeza kuhusu Lefty Frizzell na baba yake aanzishe uzi, nitakuja kuchangia. Huu nauacha wazi kwa maswali ya Vernon na Fort Worth tu. Ya miwani nimeshajibu.